Kabla ya Kubonyeza Kitufe: Kufunga na Kutumia kwa Usalama Mashine ya Kukata Chuma kwa Plazma



Kwa miaka mingi fundi wa karakana ndogo alikuwa na njia tatu za kukata chuma: msumeno, grinda, au moto wa gesi ya oksijeni na asetilini. Leo ipo njia ya nne. Ni mashine ya kukata kwa plazma, ambayo ndogo yake hubebeka kwa mkono mmoja na huhitaji umeme na hewa tu. Haina gharama ya kujaza mitungi, haipindishi sana bamba jembamba kwa joto, na hukata chuma cha pua na alumini, metali ambazo moto wa oksijeni hauzimudu. Si ajabu, basi, kwamba watengenezaji wa mageti, mafundi wa bodi za magari na hata watu wanaojifunza ufundi nyumbani wanaitafuta.

Wepesi huo, hata hivyo, unaweza kumpumbaza mtumiaji. Hakuna mtungi wa kuogopwa wala moto wa kuwashwa kwa kiberiti. Ukibonyeza kitufe mwale unawaka. Ukikiachia unazimika, na mtumiaji hudhani kwamba hatari nayo imezimika. Katika somo hili tunapenda kuonesha kwamba sivyo. Usalama wa mashine hii, kwa sehemu kubwa, huamuliwa kabla kitufe hakijabonyezwa: dukani, kwenye ubao wa umeme, kwenye kompresa, na katika kukijua vyema kitu kinachokwenda kukatwa.

1. Mashine hufanyaje kazi?

Ndani ya tochi kuna elektrodi, na mbele yake kuna nozeli yenye tundu dogo. Hewa iliyogandamizwa hupita katikati yake, na mkondo wa umeme hupita ndani ya hewa hiyo. Hewa hupata joto kali kiasi cha kugeuka plazma, yaani gesi inayopitisha umeme, ambayo joto lake huweza kufikia nyuzi 20,000 za Selsiasi. Mwale huo huyeyusha chuma, na msukumo wa hewa hukipuliza nje chuma kilichoyeyuka. Umeme hukamilisha mzunguko wake kwa kurudi kwenye mashine kupitia kibano kinachoshikizwa kwenye chuma kinachokatwa.

Kutokana na maelezo hayo tukumbuke mambo mawili. La kwanza, chuma kilichoyeyuka hakipotei. Hutoka upande wa chini kama mvua ya cheche. La pili, mashine hii hutumia volti kubwa kuliko mashine ya kuchomelea. Mashine ya kawaida ya kuchomelea, ikiwa imewashwa bila kufanya kazi, huwa na volti zisizofika mia moja au zinazozidi kidogo hapo. Tochi ya plazma huweza kuwa na volti 200 hadi 400 za umeme mnyoofu. Fundi aliyezoea kuguswa na mtetemo mdogo wa mashine ya kuchomelea na kuupuuza, asiuhamishie mazoea hayo kwenye plazma.

2. Dukani: soma kibati kabla ya kulipa

Kila mashine halali huwa na kibati cha maelezo. Kisome mwenyewe, au umwombe fundi unayemwamini akusomee. Mambo yafuatayo ndiyo ya kutazamwa.

Umeme unaohitajika. Katika nchi yetu umeme wa njia moja ni volti 230, na wa njia tatu ni volti 400. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 110 itaungua ikichomekwa kwenye soketi zetu, na mashine ya njia tatu haitafanya kazi mahali palipo na njia moja.

Muda wa kufanya kazi. Huandikwa kwa asilimia, nao hupimwa katika kipindi cha dakika 10. Mashine iliyoandikwa asilimia 60 kwa ampea 40 inaweza kukata kwa dakika 6 ikiwa katika ampea hizo, kisha ipumzike dakika 4. Muuzaji akitaja ampea bila kutaja asilimia, amekueleza nusu ya habari.

Kinga ya maji. Mashine nyingi ndogo huandikwa IP21. Maana yake ni kwamba zimekingwa dhidi ya vidole na matone yanayodondoka wima. Hazikukingwa dhidi ya mvua inayopiga kwa upepo, wala dhidi ya kuwekwa kwenye sakafu yenye maji.

Hewa inayohitajika. Tazama vipimo viwili: mgandamizo, unaopimwa kwa bar, na wingi wa hewa, unaopimwa kwa lita kwa dakika. Tutaeleza tofauti yake hapa chini.

Dai kitabu cha maelekezo, dhamana iliyoandikwa na risiti ya EFD. Bila risiti, malalamiko yako yatakosa mguu wa kusimamia. Bidhaa unayoitilia shaka, taarifa yake hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) au Tume ya Ushindani.

3. Umeme: soketi ya pasi haitoshi

Tufanye hesabu pamoja. Soketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13. Ukizidisha ampea 13 kwa volti 230 unapata wati 2,990, yaani karibu kilowati 3. Mashine ya plazma ya ampea 40 hutoa kwenye mwale wake takribani volti 96. Ampea 40 mara volti 96 ni wati 3,840. Hapo bado hatujahesabu umeme unaopotea ndani ya mashine yenyewe, wala kompresa inayofanya kazi sambamba nayo. Kwa hiyo mashine ya namna hiyo huvuta ukutani ampea 20 hadi 30, kutegemea muundo wake.

Anayeichomeka kwenye soketi ya ampea 13 ataona mojawapo ya mambo mawili. Ama fyuzi itakatika, na hiyo ndiyo bahati njema. Ama fyuzi itakuwa imekwisha kubadilishwa na kipande cha waya, na joto litatafuta mahali pengine pa kutokea: kwenye plagi, kwenye waya ndani ya ukuta, au juu ya dari. Moto unaoanzia darini huonekana ukiwa umekwisha kukomaa.

Kwa sababu hiyo, mashine hii ipewe njia yake ya umeme kutoka kwenye ubao mkuu, ikiwa na sakiti breka yake, soketi ya viwandani inayolingana na mashine, na kebo ya unene unaostahili. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuoneshe leseni. Fundi wa kweli hakasiriki. Yeye ndiye atakayepima kama laini inayoingia katika jengo lako inaweza kubeba mzigo mpya, au kama itakupasa kuomba huduma kubwa zaidi TANESCO. Mwombe pia akufungie kifaa kinachokata umeme unapovuja, chenye kipimo cha miliampea 30.

Hapa lipo kosa moja linalojirudia, nalo lahitaji kuelezwa taratibu. Waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, na kibano kinachoshikizwa kwenye chuma ni vitu viwili tofauti. Kibano ni sehemu ya mzunguko wa kukatia. Bila hicho mwale hausimami. Ethi haifanyi kazi yoyote ya kukata. Kazi yake ni kungoja siku ambayo waya ndani ya mashine utachubuka na kugusa bodi ya chuma, ili umeme uende ardhini na breka ikatike, badala ya kupita katika mwili wa mtu. Kwa kuwa mashine hukata vizuri hata kama ethi haipo, mwenye mashine anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua kwamba haipo. Anayekata pini ya ethi kwenye plagi ili iingie katika soketi ya matundu mawili ameondoa kinga yake ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe.

Ikiwa ni lazima kutumia ekstensheni, iwe fupi, iwe na waya mnene, na ikunjuliwe yote. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto na huweza kuyeyuka. Kwa anayetumia jenereta, uwezo wake uzidi mahitaji ya mashine na kompresa kwa pamoja, na iwekwe nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake unaua.

4. Hewa: iwe nyingi, iwe kavu

Wengi hutazama ukubwa wa tangi la kompresa. Tangi kubwa huchelewesha tu kuishiwa. Kinachoamua ni lita ngapi za hewa kompresa inatoa kila dakika. Mashine ndogo nyingi huhitaji mgandamizo wa takribani bar 4.5 hadi 5.5 na zaidi ya lita 100 kwa dakika. Fuata kipimo cha kitabu chako. Hewa ikipungua katikati ya kazi, nozeli huungua na mwale huyumba.

Adui mwingine ni maji. Hewa ina unyevu, hasa katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na kompresa huukamua unyevu huo na kuuacha chini ya tangi. Maji yakifika kwenye tochi, elektrodi huliwa upesi na mkato huwa na makovu. Fungua koki ya chini ya tangi kila siku baada ya kazi, na ufunge kichujio cha maji karibu na mashine. Tangi lisilomwagwa maji huota kutu kwa ndani, ambako jicho halifiki, na siku moja hupasuka.

Usiunganishe hewa kwa mabomba ya plastiki ya maji. Mabomba hayo yakipasuka kwa mgandamizo wa hewa hutawanya vipande vyenye ncha. Tumia mpira au bomba lililotengenezwa kwa hewa iliyogandamizwa. Usizibe wala kukaza vali ya usalama ya kompresa kwa sababu inapiga kelele. Na mtu asikushauri kuunganisha mtungi wa oksijeni mahali pa hewa ili mwale uwe mkali: mashine ya hewa haikuundwa kwa oksijeni, nayo huweza kuwaka moto.

5. Mahali pa kazi na mavazi

Cheche huruka mbali kuliko watu wanavyodhani. Kanuni inayotumika katika kazi za moto ni kuondoa vitu vinavyoshika moto katika umbali wa metre 11 kutoka mahali pa kukatia: rangi, tina, magunia, maranda, magodoro, matambara yenye mafuta. Kisichoweza kuondolewa kifunikwe kwa kitu kisichoungua. Ziba nyufa za sakafu na kuta. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu, pamoja na ndoo ya mchanga.

Mwale wa plazma hutoa mwanga mkali na miale ya urujuani inayochoma macho na ngozi. Miwani ya jua haifai. Kwa ampea 20 hadi 40, kioo kisipungue kivuli namba 5. Kwa ampea 40 hadi 60, namba 6. Kwa ampea 60 hadi 80, namba 8. Ikiwa mwale wenyewe unaonekana wazi, tumia kioo cheusi zaidi. Watoto na wapita njia hawavai miwani. Basi weka pazia au ubao wa kuwakinga.

Vaa glovu kavu za ngozi, nguo nzito za pamba zenye mikono mirefu, na viatu vya ngozi vilivyofunika mguu. Suruali isiwe na pindo la kukusanya cheche. Kandambili na nguo za nailoni ziache nyumbani. Ziba masikio, kwa sababu kelele ya mashine hii mara nyingi huzidi desibeli 85.

Kata mahali penye hewa inayopita, ukisimama upande ambao moshi hauelekei. Chuma kilichopakwa zinki hutoa moshi unaoleta homa, baridi na maumivu ya mwili saa kadhaa baada ya kazi. Moshi wa chuma cha pua una aina ya kromiamu inayosababisha saratani. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ziparue kwanza. Chuma kilichosafishwa kwa viyeyusho vyenye klorini kikauke kabisa na kopo lake liondolewe, kwani mwanga wa plazma huugeuza mvuke wake kuwa gesi ya fosijini, ambayo ni sumu kali. Ipo imani katika karakana nyingi kwamba glasi ya maziwa husafisha kifua. Maziwa huenda tumboni. Moshi umekwenda mapafuni. Kinachosaidia ni hewa safi na barakoa yenye kichujio cha mafusho.

6. Pipa tupu si tupu

Tunaomba msomaji asome sehemu hii mara mbili, kwa sababu hapa kosa moja halina marudio.

Mapipa ya chuma hukatwa kila siku kutengeneza majiko, vyombo vya maji na masufuria ya kukaangia. Pipa linapokuja karakanani huonekana tupu: ukiliinamisha hakitoki kitu. Lakini pipa la lita 200 lililobeba petroli halihitaji mabaki mengi ili liwe bomu. Kijiko kimoja cha chakula cha petroli, kikigeuka mvuke, chatosha kulijaza pipa hilo mchanganyiko wa mvuke na hewa unaoweza kulipuka. Kijiko hicho hukaa kwa urahisi katika mkunjo wa kitako, mahali ambapo hakionekani wala hakitoki. Hii ndiyo sababu pipa tupu huwa hatari kuliko lililojaa: lililojaa halina nafasi ya hewa.

Dizeli, oili na gundi huwadanganya wengi kwa kuwa haziwaki upesi zikiwa baridi. Joto la kukata lenyewe ndilo linalozigeuza mvuke, kisha cheche ileile huuwasha. Kulisuuza pipa kwa maji na sabuni hakutoshi, kuliacha wazi juani hakutoshi, na kubadilisha plazma kwa grinda hakusaidii, kwani grinda nayo hutoa cheche.

Ushauri wetu ni huu. Usikate pipa, tangi la gari wala mtungi uliowahi kubeba mafuta, tina, kemikali au gesi. Kazi hiyo iachwe kwa wenye vifaa vya kulisafisha na kuipima hewa iliyomo ndani. Pipa usilolijua historia yake lihesabu kuwa lilibeba petroli. Mteja akisema, “Fundi, hili lilikuwa la maji tu,” na wewe hukuwapo, jibu la heshima ni kulikataa. Tahadhari hiyohiyo ihusu shokamzoba, bomba lililozibwa pande zote mbili na kitu chochote chenye uwazi ndani kisicho na tundu la kupumulia: hewa iliyofungiwa ikipata joto hutafuta njia kwa nguvu.

7. Wakati wa kukata na baada yake

Safisha rangi na kutu mahali pa kibano, ukibane kwenye kipande kinachobaki, si kile kitakachoanguka. Simama pakavu. Usijizungushie kebo ya tochi mwilini, na usishike kwa mkono wa pili kipande kinachokatwa. Anza pembeni mwa bamba. Ikibidi kutoboa katikati, laza tochi kidogo ili cheche zielekee upande usio na mtu, kisha uisimamishe. Cheche zikitoka chini, mwendo wako ni sawa; zikirudi juu usoni, unakwenda kasi mno au bamba ni nene kuliko uwezo wa mashine.

Usibonyeze kitufe hewani kwa kujaribu. Kabla ya kugusa nozeli au elektrodi, zima mashine na uchomoe plagi. Elektrodi yenye shimo la kina cha takribani milimita 1.5 ibadilishwe pamoja na kuikagua nozeli. Taa ya joto ikiwaka, acha feni iendelee kuzunguka hadi izimike yenyewe. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikaribie mashine hii bila ushauri wa daktari wake.

Kazi ikiisha, usifunge mlango na kuondoka. Kaa uangalie kwa angalau nusu saa, na heri iwe saa moja. Cheche iliyoingia kwenye maranda huweza kufuka kimya kimya kabla ya kuwaka.

8. Ajali ikitokea

Aliyenaswa na umeme asiguswe mpaka umeme ukatwe kwenye ubao mkuu. Kisha aitiwe msaada, na kama hapumui, anayejua huduma ya kwanza aanze kumbonyeza kifua. Hata akiamka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali, kwa maana moyo huweza kupata hitilafu baadaye. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga. Macho yaliyochomwa na mwanga huanza kuwasha kama yenye mchanga baada ya saa kadhaa; yapelekwe kwa daktari, yasitiwe maziwa. Moto ukizidi uwezo wako, ondoa watu na upige simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Maswali ya kujipima

Kabla ya kubonyeza kitufe leo, jiulize na ujijibu kwa ukweli:

(a) Njia ya umeme ya mashine hii ilifungwa na nani, na je, ethi yake imewahi kupimwa?
(b) Tangi la kompresa lilimwagwa maji lini?
(c) Ndani ya metre 11 kuna nini kinachoweza kuwaka?
(d) Kitu ninachokwenda kukata kilibeba nini, na nimejuaje?

Likikosekana jibu la swali lolote kati ya hayo, kazi ingoje. Mteja aliyecheleweshwa saa moja atanung’unika, kisha atasahau.